SIKU YA KUTUA MZIGO NJIANI
Mapumziko ya siku moja karibu na Iringa

Katika vijiji vyetu mtu akiaga kwamba anasafiri, swali la kwanza ni hili: "Utafika lini?" Sijasikia bado mtu aliyeulizwa: "Utapumzika wapi?" Tumezoea kufikiri kwamba safari ni kwenda tu, na kwamba siku isiyo ya kwenda ni siku iliyopotea, tena imekula fedha bure.

Basi leo nataka kuwaeleza habari za siku moja ambayo hatukwenda mbele hata hatua moja. Tulikuwa katika safari ndefu ya gari na mahema, na siku hiyo tuliipitisha katika nchi ya Wahehe, karibu na mji wa Iringa. Nawaeleza kwa sababu siku hizi watu wa vijijini wanazidi kukodi magari kwa pamoja, kwenda harusini, kwenda kuhiji, au kwenda kuona nchi. Wanahesabu nauli, wanahesabu unga, wanahesabu hata vijiko. Siku ya kupumzika hawaihesabu.

SAFARI YENYEWE

Tulikuwa watu 17, wa jamaa sita, wote wa kijiji kimoja cha Ufipa, na watoto wanne miongoni mwetu. Ilikuwa Juni 2024. Shule zimefungwa na maharage yamekwisha kupurwa. Tulikodi basi dogo pamoja na dereva wake na utingo. Nia yetu ilikuwa kwenda Bagamoyo, mahali ambapo Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misioni mwaka 1868, kisha kurudi kwa njia ya Dodoma, Tabora na Mpanda. Mzunguko wote ni zaidi ya kilometa 2,000.

Kulaza watu wengi hivyo katika nyumba za wageni kila usiku ni gharama isiyobebeka. Kwa hiyo tuliazima mahema manne, tukachukua mablanketi, mikeka, sufuria mbili kubwa, madumu ya maji, unga, maharage, na gunia la migebuka mikavu na dagaa wa Ziwa Tanganyika. Mimi, kwa kuwa ni karani, nilikabidhiwa daftari la fedha na la ratiba.

Jumatatu tulitoka Sumbawanga kabla ya jua, tukapita Tunduma kwenye malori yasiyo na mwisho, tukalala Mbeya. Jumanne tulikwenda Rungwe kuona Daraja la Mungu, lile daraja la mawe ya volkano lililojiumba lenyewe juu ya Mto Kiwira, tukarudi Mbeya usiku. Jumatano tukashika njia kuu ya Iringa: Makambako, Mafinga, zaidi ya kilometa 300 nyuma ya malori, kutwa nzima. Jua lilipozama tulikuwa tumebakiza kidogo kufika Iringa mjini. Hapo mkulima mmoja alituruhusu kupiga mahema shambani kwake kwa malipo madogo. Palikuwa na maji, miti ya kukinga upepo, na choo safi.

Siku tatu tu, lakini mngetuona! Watoto walikuwa wakilia bila sababu. Mama wawili majirani walikuwa hawasemezani tangu Tunduma kwa ajili ya kiti cha dirishani. Dereva alikuwa akishuka garini anashika mlango kwanza, kama mzee, naye hajafika miaka hamsini na mitano.

MABISHANO YA USIKU

Katika daftari langu, Alhamisi iliandikwa hivi: "Kupumzika." Dereva ndiye aliyeitaka siku hiyo kabla hatujatoka nyumbani, na wote walikubali. Lakini kukubali nyumbani ni kitu kimoja, na kukubali njiani ni kingine. Usiku ule, tulipokwisha kula, mzee mmoja mwenye duka kijijini kwetu akasema:

"Karani, futa hiyo Alhamisi. Tukiondoka alfajiri, kesho tunalala Morogoro, Ijumaa tuko Bagamoyo. Siku ya kupumzika ni Dominika, na Dominika haijafika. Hapa watu 17 watakula siku nzima bila kusogea hata hatua moja."

Wengine wakaitikia. Kweli maneno yake hayakuwa ya kipumbavu. Fedha ilikuwa ya wote, na kila senti ilitoka katika maharage. Dereva alikaa kimya muda, akichokoa moto kwa kijiti. Kisha akasema polepole:

"Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini ng'ombe wa plau hahesabu siku za juma. Yeye anajua shingo yake. Mbele yetu kuna Kitonga. Mimi Kitonga siteremki na macho haya."

Asiyeijua njia ile niseme kidogo. Iringa iko juu, mita zaidi ya 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ukitoka hapo kwenda Morogoro utafika mahali ambapo nchi yote ya juu inakatika ghafula, na barabara inateremka ukingoni mwa mlima kwa kujikunja na kujikunja, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Hapo ndipo Kitonga. Malori mazito yanashuka kwa gia ndogo yakinguruma, mengine yanapanda, na mara nyingi kuna moja lililokufa katikati ya kona. Ajali zimetokea hapo mara nyingi. Dereva anahitaji macho, mikono, miguu na subira, vyote kwa wakati mmoja.

Yule mzee wa duka hakushindana tena. Alisema tu, "Haya, mwenye usukani ni wewe," akaingia hemani. Nilijua hakuridhika.

ASUBUHI YA BARIDI

Msomaji, baridi ya Iringa mwezi wa Juni haina mzaha. Tuliamka umande umeloa juu ya mahema kama mvua, na pumzi zetu zikatoka kama moshi wa mitemba. Lakini hapakuwa na filimbi ya utingo, wala "Haraka, haraka, tunachelewa!" Mtu alitoka hemani anapotaka, akajifunika blanketi, akaja kukaa motoni. Uji ulipikwa mara mbili, maana wa kwanza ulikwisha kabla waliochelewa hawajaamka.

Dereva alikunywa uji wake, akaingia katika hema la mwisho, akafunga mlango wa turubai. Tukamweka mvulana mmoja wa miaka tisa kuwa mlinzi, akiwa na fimbo ya kufukuzia kuku wa mwenyeji wasije wakawika penye hema lile. Aliifanya kazi hiyo kwa bidii kuliko askari wa benki. Hata mimi nilipopita na ndoo alininyoshea kidole mdomoni: "Ssss!"

Jambo hili la usingizi wa dereva si la kubembelezana. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia waliwapima watu waliokesha. Waliona kwamba mtu akikaa macho saa 17 mfululizo, mikono na akili yake hufanya kazi kwa ubovu sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24, ni kama mwenye asilimia 0.10, yaani amelewa hasa, ingawa hajaonja hata tone. Sisi sote tungekataa kupanda gari la dereva anayenuka pombe. Lakini dereva aliyekesha hana harufu, na abiria tunamsifu: "Huyu jamaa ni shujaa, amekwenda usiku kucha!" Tunasifu kitu cha kutuua.

KAZI NDOGO NDOGO

Wengine mtafikiri kupumzika ni kulala tu kutwa. Siyo. Mwili hupumzika pia kwa kazi nyepesi isiyo na haraka. Jua lilipopata nguvu, mablanketi yote yalianikwa juu ya ua wa miti, na mahema yakafunguliwa pande zote yakauke. Wanawake na vijana walifua nguo za siku tatu. Mzee mmoja, fundi cherehani, alikaa juu ya dumu akashona kwa sindano kubwa hema lililopasuka Mbeya. Watoto walinyolewa. Wasichana walisukana nywele. Mimi nilipiga hesabu mpaka senti ya mwisho, jambo lisilowezekana garini, maana kalamu inarukaruka.

Mwenyeji wetu alikuwa na umeme wa jua, akaturuhusu kuchaji simu. Basi kila jamaa ilipiga simu nyumbani. Mama mmoja aliambiwa kwamba mbuzi wake amezaa mapacha. Tangu hapo hakuna aliyepita karibu naye asiambiwe.

Mke wa mwenyeji alikuja kutuona, akatusalimu kwa Kihehe, "Kamwene," nasi tukajifunza kuitikia, "Kamwene." Tulimpa migebuka na dagaa, yeye akatuletea debe la viazi mviringo na kabichi mbili. Biashara hiyo ilifanyika bila mizani na bila daftari, na nadhani kila upande uliona umepata zaidi.

Viazi hivyo vilifanya kazi kuliko nilivyotazamia. Debe zima lilitaka kumenywa, na visu tulivyokuwa navyo vilikuwa vichache. Wale mama wawili wasiosemezana walijikuta wameketi pande mbili za beseni moja. Kwa muda mrefu ilisikika sauti ya maganda tu. Kisha mmoja akasema:

"Dada, nipe hicho kisu, chako kinakata."

Mwenzake akampa. Baada ya dakika kumi walikuwa wakimsema utingo kwa namna anavyofunga mizigo. Tangu hapo walipokezana kile kiti cha dirishani, na yule anayetapika garini ndiye aliyekipata njia za milima. Hakuna aliyewapatanisha. Walipata tu nafasi ya kukaa mahali pasipotikisika.

JAMBO LILILOONEKANA KWENYE GURUDUMU

Sasa nifike kwenye habari iliyonifanya nishike kalamu.

Utingo alikuwa kijana mpenda usafi. Asubuhi ile, hana la kufanya, alichukua ndoo akaanza kuosha magurudumu, kwanza ya mbele kisha ya nyuma. Alipoinama upande wa kushoto nyuma, aliona ndani ya tairi kuna unyevu unaong'aa. Akadhani ni umande. Akaufuta kwa kitambaa. Alipomaliza gurudumu jingine akarudi, akaona unyevu umetokea tena. Akaugusa kwa kidole: ulikuwa unateleza kama mafuta.

Alikuja kuniita kwa sauti ndogo. Nami nikamwita mzee wa duka, maana ana pikipiki na anajua mambo ya mashine. Tukasimama watatu tukitazama. Utingo akataka kumwamsha dereva mara moja. Mzee wa duka, yule yule wa jana usiku, akamshika mkono akasema, "Mwache. Gari limesimama, haliendi popote. Acha mtu amalize usingizi wake."

Dereva aliamka karibu na saa sita mchana, akala viazi, ndipo tukamwambia. Alikwenda akapiga jeki, akafungua gurudumu, akatazama ndani. Kile kisilinda kidogo cha breki kilichomo gurudumuni, mpira wake wa ndani ulikuwa umechoka, na mafuta ya breki yalikuwa yanavuja kidogo kidogo. Ulipovuja tangu lini, hatujui. Katika njia ya tambarare breki zilikuwa bado zinashika, kwa hiyo hakuna aliyehisi. Lakini katika mteremko, mguu ukiwa juu ya breki muda mrefu na vyuma vikipata moto, hapo mafuta yakipungua breki hushindwa wakati ule ule unapozihitaji.

Dereva hakupiga kelele. Alisema, "Haya, utingo, nenda mjini."

Kijana alipanda bodaboda akiwa na kile kisilinda kibovu mfukoni kuwa mfano, akaenda Iringa mjini kutafuta spea. Saa kumi alikuwa amerudi nayo. Wakafunga, wakatia mafuta mapya, wakatoa upepo katika bomba za breki, mmoja anakanyaga na mmoja anafungua, "Kanyaga! Shika! Achia!" mara nyingi hata watoto wakaanza kuimba maneno hayo. Walikagua pia magurudumu mengine matatu. Giza lilipoanza kuingia bado walikuwa wakikaza nati za mwisho, na aliyewashikia tochi alikuwa yule mzee wa duka. Alisimama katika baridi karibu saa nzima. Hakusema neno juu ya Alhamisi, nasi hatukumuuliza.

MATEMBEZI YA ISIMILA

Wakati utingo yuko mjini, baadhi yetu tuliopenda kutembea tulikwenda Isimila kwa miguu, mwendo wa nusu saa. Mahali hapo ni kama kilometa 20 kutoka Iringa mjini kwa njia ya Mbeya. Magari mengi yanapita hapo kila siku, na abiria hawajui ni kitu gani kilicho upande wa barabara.

Ni korongo. Mvua za miaka mingi zimeula udongo, zikabakiza nguzo ndefu za udongo mwekundu na mweupe, zimesimama kama minara ya kanisa, nyingine zina jiwe kichwani kama kofia. Ukiingia katikati yake sauti yako inabadilika, na hata watoto watundu hunyamaza.

Lakini ajabu kubwa iko chini, miguuni pako. Kuna mawe yaliyochongwa na binadamu wa kale sana: mashoka ya kushikwa kwa mkono, na vyombo vya kukatia na kuparia. Mengine ni madogo kama kiganja, mengine ni makubwa hata mtoto hawezi kuyainua kwa mkono mmoja. Wataalamu wanakisia umri wake kuwa miaka 260,000 hivi. Zamani zile palikuwa na maji hapo, ziwa lisilo na kina kirefu, na wanyama walikuja kunywa. Imeonekana mifupa ya kiboko wa aina isiyokuwapo tena duniani, ambaye macho yake yalitokeza juu ya kichwa, ili apate kutazama huku mwili wote uko majini.

Na mawe hayo yalijulikanaje kwa ulimwengu? Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja wa shule ya Afrika Kusini, aliyekuwa akipita njia hii, alitua, akatazama chini, akaokota. Baada yake, mwaka 1957 na 1958, mtaalamu F. Clark Howell wa Marekani na wenzake walikuja kuchimba kwa utaratibu. Fikirini: magari mangapi yalikwisha kupita hapo? Aliyetua ndiye aliyeona.

Msichana mmoja wa darasa la sita aliniuliza, "Karani, hao watu wa kale nao walikuwa wanasafiri?" Nikamjibu kwamba walikuwa wakifuata wanyama na maji, na walipoona mahali pazuri walitua, wakachonga mawe yao. Akatazama huku na huku, akasema, "Basi hapa palikuwa kambi yao kama sisi." Sikuona la kuongeza.

WAPAGAZI WALIJUA

Jioni motoni tuliongea habari za safari za zamani, kwa kuwa tulikuwa tunakwenda Bagamoyo, mahali ilipoanzia njia ya misafara ya kwenda Tabora na Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea miezi na mizigo mabegani. Nao hawakwenda kila siku. Kulikuwa na vituo vilivyojulikana. Kimoja ni Mpwapwa, penye maji na chakula. Misafara ilitua hapo, wapagazi wakapumzika, wakanunua vyakula, kwa sababu mbele yake ilikuwapo nchi kavu isiyo na maji iliyoitwa Marenga Mkali, na baada yake Ugogo. Stanley naye alipita hapo mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone.

Angalieni hekima yao: walipumzika kabla ya kipande kigumu. Sisi wa leo tunafanya kinyume. Tunasema, "Tumalize kwanza mlima, ndipo tupumzike." Lakini anayefika mlimani amechoka, pengine hatapata nafasi ya kupumzika upande wa pili.

Hata jina la Bagamoyo, watu husema limetoka katika neno "bwaga moyo". Wako wanaoeleza kwamba ni furaha ya wapagazi waliotua mizigo pwani. Wako wanaoeleza kwamba ni uchungu wa watumwa walioacha mioyo yao wasirudi tena kwao. Maelezo yote mawili yanasemwa mpaka leo, nasi tuliyazungumza mpaka moto ukafa.

KITONGA

Ijumaa tuliondoka saa kumi na mbili, kila mtu amekaa mahali pake bila ugomvi. Tulipita Lugalo, penye mnara wa kumbukumbu ya vita vya tarehe 17 Agosti 1891, ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwapiga Wajerumani na kamanda wao Zelewski akauawa. Tulipita Ilula, penye nyanya zilizopangwa kando ya barabara kama shanga. Kisha tukafika Kitonga.

Dereva alisimamisha gari juu, akashuka, akazunguka akigusa kila gurudumu kwa mkono, akapanda tena. "Mzee, macho mazuri?" mzee wa duka akamuuliza. "Macho mazuri," akajibu. Tukashuka kwa gia ndogo, taratibu, nyuma ya lori la mbao. Katika kona moja lori lile lilisimama ghafula. Dereva wetu alikanyaga, gari likatulia pale pale, kimya, kama ng'ombe aliyefungwa. Hakuna aliyepiga ukelele. Baada ya muda lori likaendelea, nasi tukaendelea. Huko chini tukapokewa na joto, mibuyu mikubwa, na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Mama mmoja akavua sweta, akasema, "Jana nilikuwa nalaani baridi. Leo naitamani."

Usiku tulilala Morogoro, na Jumamosi, kwa njia ya Chalinze na Msata, tulifika Bagamoyo. Kwa hiyo Dominika ilitukuta pale pale tulipotaka itukute.

MASHAURI KWA JAMAA ZINAZOSAFIRI

Wasomaji wapenzi, kama mnapanga safari ndefu ya gari, yapokeeni mashauri haya machache.

Kwanza, siku ya kupumzika iandikwe katika ratiba na katika hesabu kabla ya kuondoka nyumbani, wala isiwe siku ya kubahatisha. Njiani kila mtu ana haraka.

Pili, iwekwe kabla ya kipande kigumu cha njia, isiwekwe baada yake. Ulizeni watu wanaoijua njia hiyo.

Tatu, chagueni mahali penye maji, kivuli na choo, tena pasiwe mbali sana na mji, ili kikihitajika kifaa au dawa ipatikane siku hiyo hiyo.

Nne, dereva siku hiyo asitumwe. Asiambiwe, "Tupeleke mara moja sokoni." Anayetaka kutembea atumie miguu yake.

Tano, gari likaguliwe mchana kweupe: breki, matairi, mafuta, maji, taa. Gari halina kinywa, nalo huugua likiwa linakwenda.

Sita, msiigeuze siku hiyo kuwa safari nyingine. Wale waliokwenda Isimila walikuwa wanapenda; waliobaki kulala hawakuchekwa.

Niliporudi nyumbani nilisoma hesabu zote mbele ya jamaa sita, kama ilivyo desturi. Alhamisi ile ilitugharimu malipo ya shamba, unga, sukari ya uji, nauli ya bodaboda, spea moja na chupa ya mafuta ya breki. Nilipofika hapo niliuliza kama kuna mwenye swali. Mzee wa duka alisema, "Endelea, Karani. Hiyo imelipwa vizuri."

Safari njema kwenu nyote.